Kidonda cha Moto Kina Wakazi Wake: Kwa Nini Maabara Itangulie Dawa

Kila mwaka ifikapo Juni na Julai, baridi na upepo hutanda katika vijiji vya Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, na familia nyingi husogea karibu na moto. Mafiga huwashwa alfajiri, jiko la mkaa huingizwa ndani, na sufuria ya uji huchemka huku watoto wadogo wakiwa wameizunguka. Katika mazingira ya namna hiyo, mtoto huvuta sufuria ikammwagikia, hujikwaa akaangukia mafiga, au nguo yake hushika moto kabla mtu mzima hajaona.

Kwa familia, kuungua ni ajali ya dakika moja. Kwa wataalamu wa afya, dakika hiyo ni mwanzo wa matibabu ya wiki kadhaa. Mgonjwa aliyeokolewa kwenye moto, akaongezewa maji mwilini na kuvuka siku mbili za kwanza, bado anakabiliwa na hatari ya pili isiyo na mlio wala moshi, nayo ni bakteria wanaohamia katika kidonda chake. Miongoni mwa wagonjwa wenye majeraha makubwa ya moto wanaovuka siku za mwanzo, uambukizo ni moja ya sababu kuu za vifo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 180,000 hufariki dunia kila mwaka kutokana na kuungua, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Makala haya yanaeleza bakteria hao ni akina nani, wanafikaje kwenye kidonda, namna maabara inavyowatambua, na kwa nini dawa inayochaguliwa bila kuwatambua huweza kumpotezea mgonjwa muda ambao hana.

Ngozi ni ukuta wa mwili

Ngozi yenye afya ni ukuta wa kwanza wa ulinzi wa mwili. Juu yake huishi bakteria wengi wasioleta madhara, kwa kuwa tabaka la nje ni kavu, lina asidi kidogo na hubanduka kidogo kidogo kila siku, likiondoka na sehemu ya wakazi hao. Moto, maji yanayochemka, mafuta ya kukaangia, umeme au kemikali huubomoa ukuta huo mara moja.

Mahali palipokuwa na ngozi hubaki tishu iliyokufa, yenye unyevu na protini nyingi, ambayo ni chakula kizuri kwa vimelea. Wakati huohuo, mishipa midogo ya damu iliyokuwa ikilisha sehemu hiyo huziba. Mahali ambapo damu haifiki, chembe nyeupe za damu hazifiki, na dawa ya kumeza au ya sindano nayo haifiki kwa kiwango cha kutosha.

Ndiyo maana tiba ya kidonda cha moto haianzi kwa kidonge. Inaanza kwa kusafisha kidonda, kuondoa tishu iliyokufa, kukifunga kwa bandeji safi na, inapobidi, kupandikiza ngozi. Kazi hiyo ya mikono ya muuguzi na daktari wa upasuaji huwanyima bakteria chakula na makazi. Dawa ni msaidizi wa kazi hiyo na haiwezi kuchukua nafasi yake.

Aidha, kuungua sehemu kubwa ya mwili hudhoofisha kinga ya mwili mzima. Mtoto mdogo, mzee, mwenye utapiamlo au mwenye maradhi ya muda mrefu huathirika zaidi, kwa kuwa mwili wake unatakiwa kupambana na vimelea wakati huohuo unapojenga ngozi mpya.

Wenyeji wa kwanza na wageni wa baadaye

Joto linalounguza ngozi huua pia sehemu kubwa ya bakteria waliokuwa juu yake. Kwa sababu hiyo, katika saa za mwanzo kidonda cha moto huwa na vimelea wachache sana. Hali hiyo haidumu. Bakteria waliojificha ndani ya vinyweleo na tezi za jasho hunusurika, na ndani ya takriban saa 48 huanza kuongezeka na kutapakaa juu ya kidonda.

Anayejulikana zaidi katika kundi hilo la wenyeji ni Staphylococcus aureus. Bakteria huyu huishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi wenye afya bila kuwadhuru. Akipata mlango wa kuingia ndani ya mwili, huweza kusababisha usaha, kuharibu ngozi iliyopandikizwa na, akiingia katika damu, kuhatarisha maisha.

Baada ya takriban siku tano hadi saba, kidonda huanza kupokea wageni. Hawa hutoka katika utumbo wa mgonjwa mwenyewe, mikono ya wanaomhudumia, maji, mabeseni, masinki, mashuka na vifaa. Miongoni mwao ni Pseudomonas aeruginosa, Klebsiella pneumoniae, Escherichia coli na Acinetobacter baumannii. Mgonjwa anapokaa wodini muda mrefu zaidi, hasa akiwa ametumia antibaiotiki kwa siku nyingi, hata fangasi huweza kuingia.

Pseudomonas ana historia ndefu na majeraha. Mwaka 1882 mfamasia wa Ufaransa, Carle Gessard, alichunguza bandeji zilizogeuka rangi ya bluu na kijani, akamtenga bakteria aliyekuwa akitengeneza rangi hiyo. Hadi leo, muuguzi anayefungua bandeji akakuta ukijani na harufu tamu inayofanana na ya zabibu huanza kumshuku Pseudomonas hata kabla ya majibu ya maabara. Bakteria huyu hupenda majimaji, hivyo huweza kuishi ndani ya bomba, sinki, ndoo ya kudekia au chupa ya dawa ya kusafishia iliyoachwa wazi. Acinetobacter, kwa upande wake, huweza kuishi kwa siku nyingi hata juu ya sehemu kavu kama fremu ya kitanda.

Baadhi ya bakteria hawa hujenga utando unaonata juu ya kidonda na kuishi chini yake kwa pamoja. Utando huo huwakinga dhidi ya chembe za kinga za mwili na dhidi ya dawa. Hii ni sababu nyingine ya kidonda kusafishwa mara kwa mara, hata kama mgonjwa tayari anatumia antibaiotiki.

Utafiti wa Mwanza ulionesha nini

Mabadiliko hayo ya wakazi wa kidonda yamethibitishwa hapa nchini. Katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando, jijini Mwanza, watafiti waliwafuatilia watoto 342 waliolazwa kwa majeraha ya moto kati ya mwaka 2008 na 2010, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Watoto wenye umri wa miaka miwili au chini ya hapo walikuwa wengi zaidi, na zaidi ya nusu ya watoto wote waliunguzwa na vimiminika vya moto.

Watafiti walichukua sampuli za vidonda mgonjwa alipolazwa na tena siku ya kumi. Wakati wa kulazwa, asilimia 32.4 walikuwa na uambukizo katika kidonda. Siku ya kumi kiwango kilifikia asilimia 39.8. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba bakteria walikuwa wamebadilika. Staphylococcus aureus aliongoza katika sampuli za mwanzo, na baada ya siku kumi Pseudomonas aeruginosa alionekana zaidi. Aina ya Staphylococcus aureus iliyo sugu kwa methicillin nayo iligunduliwa miongoni mwa wagonjwa hao.

Matokeo hayo yana maana kubwa katika tiba. Dawa nyingi zinazomuua Staphylococcus hazimdhuru Pseudomonas hata kidogo. Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa sahihi siku ya pili huweza kuwa anatumia dawa isiyofaa siku ya kumi, ingawa kidonda ni kilekile. Kidonda cha moto kinapaswa kuangaliwa upya kadiri siku zinavyokwenda, na kama dalili za uambukizo zinajitokeza, sampuli nyingine ichukuliwe.

Utafiti huo ulionesha jambo jingine linalowahusu moja kwa moja wakazi wa wilaya zenye vijiji vilivyotawanyika, Manyoni ikiwemo. Asilimia 89.8 ya wagonjwa walifika katika hospitali hiyo baada ya saa 24 kupita tangu waungue. Watoto walikaa wodini kwa wastani wa siku 22, na asilimia 11.7 walifariki dunia. Kila siku inayopita kidonda kikiwa hakijasafishwa ni siku ambayo bakteria wanaongezeka juu ya tishu iliyokufa.

Safari ya sampuli maabarani

Kuchunguza bakteria wa kidonda ni kazi yenye hatua, na ubora wa jibu hutegemea hatua ya kwanza. Muuguzi au daktari huosha kidonda kwanza kwa maji safi ya chumvi yaliyoandaliwa kitabibu, akiondoa usaha na mabaki ya dawa ya kupaka. Kisha huzungusha pamba maalumu ya kuchukulia sampuli juu ya sehemu yenye tishu hai, akiikandamiza kidogo. Sampuli inayochotwa kwenye usaha wa juu huonesha wapita njia, na waliojikita ndani ya kidonda huweza kukosekana. Inapowezekana, sampuli huchukuliwa kabla mgonjwa hajaanza antibaiotiki, kwa sababu dozi chache tu huweza kuwaficha vimelea wasionekane maabarani.

Sampuli ikifika maabara, mtaalamu huweza kuipaka kwenye kioo, kuitia rangi na kuitazama kwa darubini. Mbinu hiyo iliasisiwa mwaka 1884 na daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, na bado inatumika duniani kote. Bakteria wa kundi moja huonekana zambarau, na wa kundi la pili huonekana waridi. Jibu hilo la awali hupatikana ndani ya muda mfupi na humpa daktari mwelekeo, kwa kuwa Staphylococcus yumo katika kundi la zambarau, na Pseudomonas yumo katika kundi la waridi.

Hatua inayofuata ni kuotesha. Sampuli husambazwa juu ya sahani ndogo zenye chakula cha bakteria, kisha huwekwa ndani ya kabati lenye joto linalokaribia la mwili wa binadamu, nyuzi 35 hadi 37 za Selsiasi, kwa muda wa saa 18 hadi 24. Siku ya pili makundi ya bakteria huonekana kwa macho kama nukta, kila aina na rangi, umbo na harufu yake. Mtaalamu huyatenga makundi hayo na kuyafanyia vipimo vya utambuzi.

Baada ya hapo huja swali ambalo daktari analisubiri zaidi: ni dawa gani itakayomuua bakteria huyu? Bakteria waliotengwa husambazwa kwenye sahani nyingine, na juu yake huwekwa vidonge vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Usiku mmoja baadaye, mahali ambapo dawa imefanya kazi huonekana duara tupu kuzunguka kidonge, na pale iliposhindwa bakteria huota hadi ukingoni mwake. Mtaalamu hupima upana wa duara kwa milimita na kulinganisha na viwango vilivyokubaliwa. Kazi yote kwa kawaida huchukua siku mbili hadi tatu.

Huduma ya kuotesha bakteria huhitaji vifaa, umeme wa uhakika na wataalamu waliobobea, hivyo hupatikana zaidi katika hospitali za rufaa. Kwa mgonjwa wa wilayani, hilo lina maana kwamba uamuzi wa kumpa rufaa au kusafirisha sampuli yake unapaswa kufanyika mapema. Ndugu wanaoelezwa kuwa majibu yatachukua siku kadhaa wanapaswa kufahamu kuwa muda huo ni wa bakteria kuota, na hakuna namna ya kuwaharakisha. Iwapo hali ya mgonjwa ni mbaya, daktari huanza tiba mara moja kwa kuzingatia mwongozo, kisha huibadilisha majibu yanapofika.

Kuwepo kwa bakteria si lazima kuwe ugonjwa

Karibu kila kidonda cha moto kilichokaa siku kadhaa kitaonesha bakteria kikipimwa. Hilo halimaanishi kuwa kila mgonjwa anahitaji antibaiotiki. Wataalamu hutofautisha kati ya bakteria waliotua juu ya kidonda na bakteria walioanza kushambulia tishu hai. Wa kundi la kwanza hudhibitiwa kwa usafi, bandeji na dawa za kupaka. Wa kundi la pili huhitaji tiba ya haraka.

Dalili zinazoashiria uambukizo ni wekundu unaosambaa kuzunguka kidonda, uvimbe na maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, usaha au harufu mpya, kidonda kubadilika rangi kuwa cheusi au kahawia, pamoja na homa. Mgonjwa mwenye uambukizo mkali huweza pia kuwa na baridi isiyo ya kawaida, kupumua haraka, kuchanganyikiwa au kulegea. Mtoto anayeacha kunyonya au kula baada ya kuungua anapaswa kupelekwa kituo cha huduma za afya bila kusubiri.

Kwa msingi huo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haupendekezi antibaiotiki za kinga kwa kila aliyeungua. Dawa inayotolewa kabla ya uambukizo haizuii wageni wa baadaye kufika. Huua bakteria dhaifu, ikawaachia nafasi walio sugu.

Usugu wa dawa unaanzia nyumbani

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, unaojulikana kwa kifupi kama UVIDA, ni uwezo wa vimelea kuendelea kuishi mbele ya dawa iliyokuwa ikiviua. Utafiti wa kimataifa ulikadiria kuwa mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani. Tanzania ilianza kutekeleza Mpango Kazi wa Taifa wa kukabiliana na tatizo hilo mwaka 2017, na mpango wa pili ni wa mwaka 2023 hadi 2028. Mipango hiyo inahusisha afya ya binadamu, mifugo na mazingira.

Wodi ya majeraha ya moto ni mojawapo ya sehemu ambazo usugu huonekana mapema. Wagonjwa hukaa muda mrefu, vidonda viko wazi, na dawa hutumika kwa wingi. Lakini chanzo chake mara nyingi kiko mbali na wodi. Mzazi anayenunua vidonge vichache vya antibaiotiki bila cheti cha daktari, anayefungua kapsuli na kunyunyizia unga wake juu ya kidonda cha mtoto, au anayeacha dozi katikati maumivu yanapopungua, anawafundisha bakteria kuizoea dawa hiyo. Siku kidonda kitakapohitaji dawa hiyo kweli, huenda isifanye kazi.

Manyoya ya sungura, dawa ya meno na asali

Katika jamii nyingi nchini, kuna vitu ambavyo hupakwa kwenye jeraha la moto mara tu mtu anapoungua: dawa ya meno, ute wa yai, unga, majivu, mafuta na manyoya ya sungura. Wanaofanya hivyo huwa na nia njema ya kupunguza maumivu. Hata hivyo, vitu hivyo huzuia joto kutoka kwenye ngozi, hunata kwenye kidonda na kumlazimu muuguzi kuvibandua kwa maumivu makali. Baadhi yake huleta bakteria wapya. Udongo, kinyesi cha mifugo na manyoya yasiyotakaswa huweza kubeba vimelea vya pepopunda, na ndiyo sababu mgonjwa wa moto huulizwa hospitalini kama amepata chanjo ya ugonjwa huo.

Asali inastahili maelezo ya pekee, kwa kuwa Singida ni mkoa unaojulikana kwa ufugaji wa nyuki, na asali hupatikana katika nyumba nyingi za Manyoni na Itigi. Ni kweli kwamba asali ina uwezo wa kuzuia bakteria. Ina maji machache, ina asidi, na baadhi ya aina zake hutengeneza kemikali inayoua vimelea. Hospitali za baadhi ya nchi hutumia asali kwenye vidonda. Tofauti ni kwamba asali hiyo ya kitabibu hutakaswa kwa mionzi maalumu ili kuua mbegu za bakteria ambazo huweza kuwemo ndani ya asali ya kawaida bila kuiharibu. Asali ya mzinga au ya sokoni haijapitia hatua hiyo. Ni chakula bora, lakini isiwe kitu cha kwanza kuwekwa juu ya ngozi iliyoungua.

Saa za kwanza zina uzito

Hatua zinazochukuliwa nyumbani hupunguza kina cha jeraha, na jeraha lisilo na kina huwapa bakteria nafasi ndogo. Jambo la kwanza ni kumwondoa aliyeungua kwenye chanzo cha moto, kisha kuipoza sehemu iliyoungua kwa maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Hatua hiyo husaidia hata ikifanyika ndani ya saa tatu baada ya ajali. Barafu haitakiwi, kwa kuwa huongeza uharibifu wa ngozi.

Manyoni ni eneo la ukame wa mara kwa mara, na si kila kaya ina bomba uani. Pale maji yanapokuwa machache, yanaweza kumiminwa taratibu kwa kikombe kutoka kwenye ndoo, au kitambaa safi kikalowekwa na kubadilishwa mara kwa mara juu ya jeraha. Mtoto mdogo apozwe sehemu iliyoungua tu, na mwili uliobaki ufunikwe ili asipate baridi kali.

Nguo, bangili, shanga na pete zilizo karibu na jeraha ziondolewe kabla ya uvimbe kuanza, isipokuwa zile zilizogandamana na ngozi. Malengelenge yasipasuliwe. Baada ya kupozwa, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, na mgonjwa apelekwe zahanati, kituo cha afya au hospitali. Hakuna kitu cha kupaka kinachohitajika njiani.

Jeraha linalozidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa, lililo usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye viungo, lililotokana na umeme au kemikali, au lililompata mtoto mchanga au mzee, linahitaji kuonwa na mtaalamu siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa mtu aliyevuta moshi ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama ngozi yake haikuungua.

Kwa anayeuguza nyumbani au wodini, kinga kubwa ni mikono. Kunawa kwa sabuni kabla na baada ya kumgusa mgonjwa, kutochangia taulo na beseni, na kutofungua bandeji ili kuangalia maendeleo ni mambo madogo yanayokata njia ambayo Pseudomonas na wenzake huitumia. Mgonjwa pia anahitaji chakula cha kutosha chenye protini, kama vile maharage, mayai, maziwa, nyama au dagaa, kwa kuwa mwili hutumia protini nyingi kujenga ngozi.

Somo la Msamvu kwa wilaya ya barabara kuu

Manyoni ipo katika barabara kuu inayotoka Dodoma kwenda Singida, Nzega na hatimaye nchi jirani za Rwanda na Burundi. Malori ya mafuta hupita mchana na usiku. Kwa wakazi wa kando ya barabara hiyo, tukio la Msamvu mjini Morogoro bado lina somo. Tarehe 10 Agosti 2019, watu walikusanyika kuchota mafuta kutoka katika lori lililopinduka, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha.

Vifo hivyo havikutokea vyote siku moja. Majeruhi wengi walihamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, na idadi ya waliofariki iliendelea kuongezeka katika siku zilizofuata. Hivyo ndivyo majeraha makubwa ya moto yalivyo: moto huzimwa kwa saa chache, lakini mapambano ya kuokoa maisha huendelea wodini kwa siku na wiki. Hakuna maabara wala dawa inayoweza kufidia uamuzi wa kusogelea mafuta yaliyomwagika. Lori linapopinduka, wananchi wanatakiwa kukaa mbali na kupiga simu ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114, ambayo ni bure.

Nyumbani nako kinga inawezekana. Jiko likiinuliwa kutoka sakafuni, mafiga yakizungushiwa kizuizi, mpini wa sufuria ukielekezwa ndani na mafuta ya taa yakihifadhiwa mbali na watoto, ajali nyingi huepukika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, nao unagusa suala hili, mradi kaya zinazohamia kwenye gesi zifuate maelekezo ya usalama.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mgonjwa wa moto, ufa ni saa za kwanza, wakati kidonda bado kina bakteria wachache na dawa za kawaida bado zina nguvu. Familia inayompoza mtoto kwa maji, ikamfunika kwa kitambaa safi na kumfikisha kituo cha huduma za afya siku ileile, inawapa muuguzi, mtaalamu wa maabara na daktari nafasi ya kufanya kazi yao kabla wageni wa kidonda hawajafika.